Vyepesi Hukaa Katikati

Jeconia Ogola alimdharau kila mtu, na katika jambo hilo hakuwa na upendeleo. Alimdharau meneja kwa kuwa meneja, na wafagizi kwa kuwa si mameneja. Aliwadharau wakulima wa Moiben waliotia maji kwenye maziwa, na wale wa Ainabkoi ambao hawakutia maji lakini walijisifu kwa hilo mpaka mtu akatamani watie. Vijana wa chama, waliozunguka Eldoret na mashati yao mekundu wakidai watu kadi, aliwadharau bila kujichosha, vile mtu anavyopangusa kiti kabla ya kukaa.

Kitu kimoja tu alikiheshimu. Kilikuwa katika chumba cha vigae vyeupe nyuma ya kiwanda cha ushirika wa maziwa, karibu na mto Sosiani. Kiliitwa sepereta, yaani mashine ya kutenga krimu na maziwa. Ndani yake mlikuwa na bakuli zito la chuma, limejaa visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na juu kabisa limefungwa kwa pete nene. Bakuli hilo lilizunguka mara elfu sita kwa dakika. Maziwa yaliingia juu, na kabla hujapepesa macho krimu ilitoka bomba hili na maziwa matupu bomba lile. Ogola aliitumikia mashine hiyo tangu mzungu wa mwisho alipokabidhi funguo, na ilijulikana kutoka getini hadi mtaani kwake Yamumbi kwamba hakuna mwingine wa kuiwasha.

Wanafunzi wakiletwa kutazama kiwanda, meneja Kibet alipenda kuwaeleza mwenyewe. Kibet alikuwa mtu mnene na mpole, aliyepewa umeneja kwa sababu mjomba wake alijuana na mtu, na hakuna ubaya aliowahi kumtendea yeyote isipokuwa kufungua mdomo.

"Hii mashine, watoto, inatupa vitu nje," alisema siku moja. "Ile maziwa nzito inatupwa nje. Krimu inabaki katikati kwa sababu ndiyo tamu."

Ogola alimsubiri amalize, uso umekunjamana kama wa aliyenusa mkebe uliosahauliwa juani. Kisha akachukua ndoo iliyofungwa kamba, akaijaza maji, akatoka na wanafunzi uani na kuanza kuizungusha juu ya kichwa chake. Hakuna tone lililomwagika. Wanafunzi wakapiga makofi. Ogola akawadharau kwa makofi hayo, akaendelea kuzungusha.

"Nani ametupa nini nje?" alinguruma. "Hakuna kutupwa hapa. Kila kitu duniani kinataka kwenda moja kwa moja mbele, hata mjinga. Ni hii kamba inakivuta kuja kwangu, inakivuta, inakivuta, ndiyo kizunguke. Sasa mtazame nikiachilia."

Akaachilia. Ndoo haikurukia nyuma yake wala haikumkimbia. Ilikwenda mbele, ilikokuwa imeelekea wakati ule, ikapiga ua wa mabati na kuzua kelele. Mwalimu wao aliruka.

"Lakini ukikaa ndani ya ndoo," Ogola aliendelea, "utaapa kwa mama yako kuna mtu anakusukuma. Hakuna. Ni wewe unazunguka na hujijui. Toka nje, simama chini, ndiyo utaona ukweli. Na krimu haikai katikati kwa utamu. Inakaa katikati kwa sababu ni nyepesi. Nzito inataka kuvutwa sana ndiyo ikunje kona, kwa hivyo inakimbilia ukutani, na ukuta ndio unaisukuma irudi. Chenye kinabaki pale katikati kimestarehe ni kile hakina uzito."

Hapo alimtazama Kibet, kisha akamtazama Wilson, mwenyekiti wa vijana wa chama tawini, aliyekuwa na kazi isiyojulikana kiwandani na kiti cha kuifanyia. Huo ulikuwa mwaka wa kura ya mlolongo, ya kupanga foleni hadharani nyuma ya wagombea, na watu walikuwa wakiitwa kuulizwa maswali kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini Ogola alizungumzia maziwa tu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba ameelewa jambo jingine.

Sasa tuseme ukweli wa mtu huyu, maana hakuwahi kuusema mwenyewe: Ogola alikuwa kiziwi.

Mlio wa bakuli ulikuwa umeyala masikio yake taratibu, mwaka baada ya mwaka. Ndege walinyamaza kwanza. Sauti za wanawake zikafuata, kisha kwaya ya kanisa, na mwishowe kila kitu. Mtu mwingine angesema jamani, sisikii. Ogola alitazama huku na huku akaona ni nani wangemhurumia, akawadharau mmoja mmoja, akaamua kunyamaza. Kwani sheria ya kiwanda ilikuwa wazi: mtu wa sepereta lazima awe na masikio, kwa kuwa bakuli likitaka kuharibika huanza kwa kubadilisha sauti. Siku wangejua, angetolewa kwenye mashine na kupelekwa kuosha mikebe pamoja na wale aliowaita vichwa maji. Hilo lilimtisha kuliko kifo, na alikuwa tayari kumpoteza yeyote ili lisitokee.

Dharau ikawa koti lake la mvua. Mtu akimsemesha kwa nyuma, Ogola hakugeuka, na mtu akaenda zake akinung'unika kwamba yule mzee ana kiburi cha ajabu. Akisemeshwa kwa mbele alisoma midomo, na midomo ikimshinda alitoa jibu moja lililotosha kwa yote.

"Najua," alisema.

Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia lori limeharibika, anajua. Wafanyakazi walisema sikio la kufa halisikii dawa, bila kujua jinsi walivyopatia. Kwaya aliiacha akisema imeingiliwa na mbuzi. Kilabuni hakwenda tena kwa sababu, alisema, mazungumzo ya walevi yamepungua akili. Hata nyumbani mkewe Awuor alizungumza naye mwanzoni, kisha akazungumza kidogo, kisha akawa anamwekea chakula mezani na kuondoka. Binti yao Apiyo, fundi cherehani huko Webuye, alikuwa ameacha kuja nyumbani. Ogola alisema mji umempandisha kichwa.

Mashine yenyewe aliiendesha kwa mkono. Alisimama kwenye sakafu ya saruji, akaweka kiganja juu ya chuma. Miguu ilitulia, kiganja kilitetemeka, na katika tofauti ya hivyo viwili alisoma kila kitu, hata usafi wa visahani. Kwa kweli alikuwa hodari. Angekuwa hodari zaidi kama angemwambia mtu.

Ndipo akaletwa Leonida. Alikuwa msichana wa kutoka Gem, amehitimu chuo cha maziwa, mrefu, mtulivu, na gambuti zake za mpira zilikuwa safi kupita kiasi. Ogola alimdharau kwa zile gambuti kabla hajamfikia. Alimwita Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sauti ambayo watu hutumia kumwita ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Leonida hakununa. Alifanya kazi yake, akamheshimu kama mzee wa kwao, na kila jambo alimwarifu kwanza.

Asubuhi moja alitarajiwa mgeni wa heshima kutoka wilayani, aje kuona jinsi kiwanda kinavyotayarisha maziwa ya watoto wa shule. Kwa ajili hiyo Kibet alikuwa ameamuru jukwaa la chuma litengenezwe, ili mgeni apande na kuchungulia mashine kwa juu bila kulowesha viatu. Lilichomelewa kwenye miguu ya sepereta yenyewe, lisije likateleza. Ogola alilitazama akaona ni upuuzi wa kumbeba mtu mwepesi ili aonekane yuko juu. Kwamba jukwaa hilo lingemhusu yeye, hakufikiri.

Leonida alifungua bakuli kulisafisha, akakuta mpira wa kuzibia umepasuka. Akalifunika tena uchafu usiingie, akairudishia ile pete kwa mkono tu, akamwendea Ogola aliyekuwa ameinama akifuta mabomba.

"Mzee, usiwashe mashine," alimwambia. "Mpira imepasuka. Naenda stoo kuleta mpya pamoja na spana kubwa. Hiyo pete sijaikaza."

Ogola aliona kivuli chake tu, na midomo ikimalizia.

"Najua," alisema.

Leonida akaenda stoo. Muda si muda Kibet akaja mbio kwa jinsi mtu wa umbo lake alivyoweza kukimbia, akizungusha kidole hewani: washa, washa, gari limefika! Nyuma yake alikuja Wilson na shati jipya. Ogola alilitazama bakuli. Lilikuwa limefunikwa, limefungwa, pete iko mahali pake. Akapanda jukwaani kwa sababu sasa hapakuwa na njia nyingine ya kuifikia valvu, akawasha mota, akaweka kiganja juu ya chuma.

Mashine ilipanda mwendo. Akafungulia maziwa. Bakuli lilianza kuyumba, pete ikilegea kidogo kidogo, na kelele yake, walisema baadaye, ilisikika hadi barabarani. Ogola hakusikia chochote, na mkono wake haukumwambia kitu. Kwa miaka yote mkono ulikuwa umetetemeka na miguu imetulia. Leo miguu nayo ilikuwa juu ya chuma kile kile, ikitetemeka pamoja na mkono, na tumbo, na meno. Mwili wake ulikuwa umekuwa kipande cha mashine, na kwake yeye mambo yalikuwa shwari.

Alipoinua macho alimwona Leonida mlangoni na spana mkononi. Alimwona anatetemeka. Mlango ulitetemeka, ukuta ulitetemeka, na msichana yule alitetemeka kutoka kichwa hadi gambuti, mdomo wazi. Ogola aliona haya kwa niaba yake. Mtoto wa kusoma, eti anatetemeka hivyo kwa sababu mheshimiwa fulani anashuka garini! Watu wa Gem wamekwisha, alijisemea. Akampa mgongo.

Leonida alikuwa akipiga kelele azime mashine. Alipopewa mgongo alikimbilia ukutani, akazima swichi kubwa, akamrukia Ogola, akamvuta kwa mkanda wa suruali wakaanguka wote sakafuni. Lakini chuma kilichozunguka hivyo hakisimami kwa kuambiwa. Pete ilitoka. Bakuli likapiga kifuniko, kifuniko kikapasuka, na pande la chuma likapita dirishani likiwa limenyooka kama mtu anayejua aendako. Maziwa yalilipuka hadi darini. Mgeni wa heshima, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na tabasamu lake, alipokea sehemu yake usoni na kifuani, akalala kifudifudi kwenye vigae bila kuombwa. Wilson alilala juu yake, akidai baadaye kwamba alikuwa akimkinga.

Hakuna aliyeumia. Mgeni aliondoka na suti inayonuka ndama, na mambo yakahamia ofisini kwa Kibet.

"Hii ni hujuma!" Wilson alisema. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu apewe shati. "Maziwa ya watoto, siku ya mheshimiwa, mashine inalipuka. Hapa kuna mtu anapinga serikali. Nani alilegeza hiyo pete?"

"Ni mimi," Leonida alisema. "Nilikuwa nabadilisha mpira. Nilimwambia Mzee asiwashe. Akasema anajua."

"Nani alisikia ukimwambia?"

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani wakati ule.

"Unaona, meneja?" Wilson akasema. "Mzee Ogola ameshika hii mashine miaka ngapi? Hakuna siku imelipuka. Huyu amekuja juzi. Tuite askari wamuulize vizuri."

Kibet alijipangusa shingo. Alimgeukia Ogola, na kwa bahati alimgeukia uso kwa uso.

"Mzee. Alikuambia, ama hakukuambia?"

Swali hilo Ogola alilisoma lote, na akaona njia ilivyokuwa rahisi. Hakuniambia. Neno moja, mashine ikarekebishwa, akarudi kwenye chumba chake cha vigae, na Nyar Gem akaenda kuulizwa vizuri na watu wanaojua kuuliza. Angesema nilisikia nikapuuza, angekwenda kuulizwa yeye. Yalikuwepo pia maneno ya tatu, lakini hayo alijiapiza kutoyasema.

Akamtazama Leonida. Msichana alisimama katikati ya ofisi, maziwa yakimkaukia kwenye nywele, ametulia kama nguzo. Hakutetemeka hata kidogo. Ndipo Ogola, aliyewafundisha wanafunzi wa nusu ya wilaya kwamba aliye ndani ya ndoo hujidanganya, alipofahamu kwamba hata pale mlangoni hakuwa ametetemeka. Mwenye kutetemeka alikuwa yeye, pamoja na macho yake, juu ya jukwaa la mjinga, na akamdharau mtu aliyekuja kumwokoa. Aibu ilimshika. Hakuwa mzoefu wa aibu, na hakujua pa kuiweka.

"Aliniambia," alisema. "Sikusikia. Masikio yangu yalikufa kitambo. Mimi ni kiziwi."

Wilson alicheka. Alicheka hadi akakaa.

"Kumbe!" alisema, bila kujisumbua kugeuza uso, kwani kiziwi ni kiziwi. "Miaka yote hii tumeogopa gogo!"

Ogola alilisoma neno hilo moja kwa moja kwenye midomo yake, na mengine yaliyofuata. Waliongea juu yake mbele yake kama watu wanaojadili kabati, wapi liwekwe. Kisha Kibet akamsogelea, akapanua mdomo hadi meno ya mwisho yakaonekana, akampigia kelele kwamba kuanzia kesho ataosha mikebe, na Leonida atashika mashine ikishatengenezwa. Alipomaliza alimpapasa bega. Ogola angependelea kofi.

Nje, Leonida alikuja akasimama mbele yake.

"Pole, Mzee," alisema. "Na asante."

"Hiyo pete, siku nyingine, ukiilegeza itoe kabisa uende nayo," Ogola akamwambia. "Usimwachie mjinga."

Alifika Yamumbi jua bado liko juu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Awuor alikuwa ameketi kwenye stuli jikoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Ogola alisimama mlangoni na gambuti zenye maziwa yaliyoganda, akaona kwamba kulisema mara ya pili hakukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza.

"Nimetolewa kwenye mashine," alisema. "Sisikii. Ni kama miaka mitatu sasa."

Mikono ya Awuor ikasimama ndani ya maharagwe. Aliinua uso, akamtazama kama anayemsoma mgeni.

"Miaka mitatu," alisema, "nimejua naishi na mtu ananidharau."

"Nilikudharau pia," Ogola alisema. Alikuwa ameshaanza kusema kweli siku hiyo, akaona amalize.

Awuor alicheka kicheko kisicho na furaha. Kisha kicheko kikakatika, na mkono ukaenda mdomoni. Alipouondoa, Ogola aliona maneno yakitoka polepole, moja moja.

"Basi hukusikia habari ya Apiyo."

"Habari gani?"

"Nilikuambia Pasaka. Hapa hapa. Ulikuwa unavaa viatu. Nikakuambia Apiyo amejifungua, na yule kijana amemkimbia, na anauliza kama baba atamruhusu alete mtoto nyumbani. Ukasema unajua. Ukatoka. Mimi nikamtumia neno kwamba baba yako amekataa."

Ogola alishika mwimo wa mlango. Sasa ilikuwa karibu Krismasi.

Awuor aliinama, akavuta ncha ya leso kujifuta macho, uso ameugeuzia ukutani. Mabega yake yalionyesha kwamba bado anasema, na anasema mengi, labda jina, labda ni mvulana au msichana, labda kama mtoto ni mzima. Hakuna hata moja lililomfikia. Ogola akaja mbio, akaupiga ungo teke bila kukusudia, maharagwe yakatawanyika jikoni kote. Akapiga magoti sakafuni, akamshika mkewe mashavu kwa viganja viwili, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Sikuona," alimwambia. "Mama Apiyo, nakuomba. Sema tena."